MBWA KWENYE MKANDA KIBOSHO: NANI MSHAMBA HAPA?

Kila Desemba Wachaga wakirudi nyumbani, migombani Kibosho hapakosi vituko. Safari hii gumzo ni dada mmoja wa mjini, jina kapuni, aliyeshuka na mbwa wake kamfunga mkanda, akikatiza naye njia ya kanisani kama yuko Masaki. Watu mbavu hawana: "Mbwa anaswagwa kama mbuzi wa mnadani!"

Lakini ukweli usemwe. Anayechekwa, mbwa wake kachanjwa na hajamgusa mtu. Wanaocheka, wengi mbwa wao wanashinda bandani, usiku wanafunguliwa walinde, na alfajiri bado wako njiani watoto wakienda shule. Mtoto aking'atwa, utasikia "huyu huwa hana shida".

Kichaa cha mbwa hakina utani. Dalili zikishatokea, kupona ni karibu na muujiza. Aliyeng'atwa aoshwe jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo akachomwe chanjo.

Na dada asijisahau: siku atakayemfungua ili apate video kali, watakuwa sawa tu. Mbwa wa getini hajui kuku wa watu.

Mlinzi wa nyumba alinde nyumba, njia ni ya wote. Wadau mnasemaje?