Umehama edita tena?

Haya wadau, nimerudi. Kimya changu kilikuwa cha mitihani, na leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kuna ugonjwa umeingia hosteli, hasa kwa sisi tunaosomea ualimu wa kompyuta. Jumatatu mtu yuko VS Code. Jumatano kamwona mwenzake na Sublime Text, kahama. Wikiendi yuko Vim, kioo cheusi, maandishi ya kijani, anajiona yuko kwenye filamu. Ukimuuliza zoezi limefika wapi, anakuonyesha rangi! Jamani...

Sisemi ya kusikia. Muhula uliopita mimi mwenyewe nilihama mara tatu, bando lote likaishia kwenye kupakua mapambo. Halafu ikaja kazi ya kikundi. Tuko wanne, edita nne, faili moja la Python linazunguka kwa flashi. Python haitumii mabano kujua mistari ipi inakwenda pamoja, inaangalia umeisogeza ndani kiasi gani. Sasa edita moja ukibonyeza Tab inaweka alama ya Tab yenyewe, nyingine inaweka nafasi nne. Kwa macho ni kitu kilekile, mistari imenyooka kama gwaride. Python 3 ikikuta mchanganyiko huo ndani ya fungu moja, inatema TabError na kugoma kabisa. Saa sita usiku tunaangalia mistari iliyonyooka huku tunaambiwa haijanyooka! Watu wakaanza kushikana uchawi.

Dawa yake ni ya dakika tano: unaiambia edita ionyeshe nafasi zilizojificha, unageuza Tab zote kuwa nafasi nne, kama mwongozo wa PEP 8 unavyopendekeza tangu 2001. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua pa kubonyeza kwenye edita yake. Hakuna! Wote tulikuwa wageni kwenye nyumba zetu wenyewe. Tukawasilisha kwa kuchelewa, alama zikakatwa.

Najua mtaniambia edita nzuri inaharakisha kazi. Kweli, kwa aliyeizoea. Na wapo wanaohama kwa haki: Atom ilitolewa na GitHub 2014, wakaifunga Desemba 2022, kwa hiyo waliokuwa humo walibomolewa nyumba. Ya kwako kaibomoa nani?

Na ninyi mliohamia Vim kwa sifa, Bram Moolenaar aliitoa 1991 akaitunza mpaka alipofariki 2023, zaidi ya miaka 30 kwenye kitu kimoja. Ukiifungua bila faili, mara nyingi unakuta mstari unaoomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda, majirani zetu kabisa. Nimewauliza watatu humu, hakuna aliyewahi kuusoma. Walikuwa bize kutafuta namna ya kutoka.

Lakini kinachoniuma zaidi ni huko tunakokwenda. Mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule yenye kompyuta 9 kwa wanafunzi zaidi ya 40. Intaneti hakuna. Kuna IDLE iliyokuja na Python, basi. Nikasimama ubaoni na chaki, nikaandika mstari wa if, nikasahau nukta mbili mwishoni. Nilishazoea kuchorewa nyekundu nikikosea, na ubao hauchori. Aliyeniona ni mtoto wa kidato cha tatu, akanyoosha kidole kwa heshima zote: "Samahani mwalimu, hapo hamna kitu?" Nilitamani ardhi inimeze. Muhula mzima nilikariri vitufe vya edita tatu, lugha yenyewe nikaiacha.

Basi mimi nimebaki na IDLE mpaka nimalize shahada. Chumbani wananiita mzee, sawa tu. Mwenzangu wa kitanda cha juu jana kapakua edita nyingine tena. Kwa bando langu.