Butembo: Betri ya pikipiki ikifa, pimeni kwanza kabla ya kulaumiana

Asubuhi mjini Butembo, baridi ikiwa bado haijaisha, si ajabu kumwona motari akisukuma pikipiki yake kwenye mteremko ili iwake. Jioni anatafuta tena mahali penye kilima pa kuisimamisha, ili kesho ishuke yenyewe. Kitufe cha kuwashia hakifanyi kazi tangu wiki nyingi. Taa ya mbele inaangaza tu anapoongeza gazi. Injini ikitulia, taa inafifia, honi inakuwa kama sauti ya mgonjwa, na taa ya breki haionekani.

Wengi wanasema hiyo ni shida ya motari mwenyewe. Sivyo. Abiria aliyekaa nyuma yumo ndani ya shida hiyo, na dereva wa lori anayemfuata haoni pikipiki inapofunga breki. Kwenye barabara ya Beni–Butembo, yenye zaidi ya kilomita 50, kila mkaaji wa eneo hili anajua maana ya kukwama njiani wakati giza linaingia.

Basi kwa nini betri hazitengenezwi? Jibu haliko ndani ya betri peke yake. Liko pia katika mapatano kati ya motari na mwenye pikipiki. Wamotari wengi wanaendesha chombo cha mtu mwingine, na wanapaswa kumletea pesa waliyopatana. Mara nyingi mafuta, pancha na matengenezo madogo ni juu ya motari. Injini ikiharibika, ni juu ya mwenye mali. Betri imebaki katikati, haina mwenyewe. Mwenye pikipiki anasema motari ameimaliza kwa redio na taa za mapambo. Motari anasema aliikuta ikiwa tayari imechoka. Wanabishana, na pikipiki inaendelea kusukumwa.

Fundi naye anaongeza hasara pale anapokisia. Anatazama, anatingisha kichwa, anasema: betri imekufa, leteni ingine. Inanunuliwa mpya, na baada ya muda mfupi nayo inakufa. Hapo watu wanalaumu vitu vinavyopitia Kasindi kwamba vyote ni feki. Betri za ubovu ziko sokoni, ni kweli. Lakini betri ni kama tenki ya maji: inaweka tu kile inachojazwa. Injini ikizunguka, statori inatoa umeme, regulateri inaupanga na kuupeleka kwenye betri. Kama regulateri imeungua, au waya wa masi umelegea kwa sababu ya mashimo ya barabara, hata betri mpya kabisa itaisha.

Dawa ya ubishi huu ni kipima-umeme, kile chombo kidogo chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kwanza safisheni vichwa vya betri, kazeni nyaya, tazameni fyuzi. Kisha pimeni mara tatu. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, betri nzima ya volti 12 inaonyesha karibu 12,6 au zaidi. Chini ya 12,4 inaomba kuchajiwa. Ikiwa imejaa, lakini mtu anapobonyeza kitufe cha kuwashia inaanguka chini ya 9,5 hivi, betri yenyewe imechoka. Mwisho, injini ikizunguka kwa gazi ya katikati, kipimo kinapaswa kupanda kati ya 13,5 na 14,5. Kikibaki kwenye 12, umeme haufiki kwenye betri. Kikipita 15, regulateri inaichoma betri. Kazi yote haizidi dakika chache. Na kama kitufe kinazungusha injini kwa nguvu lakini haiwaki, betri haina kosa: tazameni buji na mafuta.

Vipimo hivyo vinasaidia pia kuamua nani alipe. Betri iliyozeeka, statori au regulateri mbovu ni mambo ya mwenye pikipiki, kama vile injini ilivyo yake. Lakini umeme ukiwa unafika vizuri, na betri inaisha kwa sababu ya redio, mistari ya taa za rangi na simu tatu zinazochajiwa, huyo ni motari. Betri ya pikipiki ndogo haikutengenezwa kubeba duka la muziki. Vilevile, anayeiacha ikae wiki nyingi bila chaji anaiua, maana sahani za risasi ndani yake zinaganda na hazirudi kama zamani.

Kuna wanaosema kiki inatosha, pikipiki inatembea hivyo hivyo. Kweli, kiki inaweza kuamsha injini. Lakini kiki haiwashi taa ya breki usiku. Na wale wanaoitoa betri kabisa na kuendesha bila hiyo wanahatarisha balbu na vifaa vingine, kwa sababu umeme hauna tena mahali pa kutulia.

Wafundi nao waache kuongeza asidi kila maji yanapopungua. Kwa betri inayofunguliwa, kinachoongezwa ni maji ya betri yaliyosafishwa. Kwa ile iliyofungwa, haifunguliwi. Sigara isikaribie betri inayochajiwa, maana hewa inayotoka inaweza kulipuka. Na betri ya zamani isiachiwe watoto waivunje, wala isitupwe mtoni: risasi ni sumu.

Vyama vya wamotari vinajua kukusanya michango kwa ajili ya msiba na ajali. Vingeweza kununua kipima-umeme kimoja kwa kila parkingi na kumfundisha mtu mmoja kukitumia. Na wenye pikipiki, wanapompa kijana chombo, waandike mstari mmoja katika mapatano: betri ni ya nani, na itapimwa lini. Mstari huo ni rahisi kuliko betri mbili kwa mwaka, na ni rahisi zaidi kuliko abiria aliyegongwa kutoka nyuma kwa sababu taa ya breki haikuwaka.