AFYA YA JAMII: Mwasho wa Ngozi si Aibu

Katika nyumba zetu za kupanga, ambamo ua ni mmoja na macho ni mengi, mtu mwenye vipele mikononi huhukumiwa kabla hajamfikia tabibu. Baadhi ya ndugu zetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI huvaa mikono mirefu hata wakati wa joto ili kukwepa minong'ono. Wengine, na hili ndilo la hatari zaidi, huvilaumu vidonge vyao na kuviacha.

Yafaa ieleweke kwamba mwasho una vyanzo vingi. Vile vipele vidogo vigumu vitokeavyo mikononi na miguuni, vikaacha madoa meusi, humpata zaidi mtu ambaye kinga yake imeshuka. Uchunguzi uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa vingi vyavyo hufanana na alama za kuumwa na wadudu. Ngozi ya mgonjwa hushtuka kupita kiasi anapoumwa. Basi tiba ya msingi ni zile zile dawa za kufubaza virusi, zimezwe kila siku. Kinga ikipanda, vipele hupungua, ijapokuwa huenda ikachukua miezi. Chandarua nacho kisisahauliwe.

Upele wa kuambukiza ni jambo jingine. Huwasha mno usiku, hupenda katikati ya vidole na kiunoni, wala haumchagui mwenye virusi na asiye navyo. Akitibiwa mgonjwa peke yake, utarudi. Sharti watu wote wa nyumba watibiwe siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Aidha, dawa yenyewe yaweza kumdhuru mtumiaji, hasa katika wiki za mwanzo. Vipele vinavyofuatana na homa, vidonda vya mdomo, macho mekundu au ngozi kubabuka ni dharura: mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Uamuzi wa kubadili dawa ni wa daktari, si wa jirani wala wa muuza krimu za vichochoroni.

Ndugu msomaji, kujikuna si ushahidi wa UKIMWI. Ushahidi ni kipimo cha damu. Umwonapo mwenzako akijikuna, usimnyooshee kidole. Mhimize aende kliniki, na ikibidi, mfuatane.