Mtoto wa orfelina ni mtoto wa komini

Mwezi wa 9 ukifika, kila nyumba ya Lubumbashi inafanya hesabu: iniforme, viatu, makaye, transporti. Baba wa kazi anaomba avanse, mama anakopa ku soko, mtoto anaingia mu kalasi. Lakini iko watoto wenye hawana mtu wa kuwafanyia ile hesabu. Ni wale wanaolelewa mu orfelina, na wale ambao mapadri na masista wamewatoa ku barabara. Mzazi wao ni nani? Kwetu shiye, jibu liko wazi: ni serikali, na serikali iliyo karibu nao ni komini.

Watu wa mgodi wanaelewa hii maneno kupita wengine. Wakati wa Union Minière, na nyuma wakati wa Gécamines, kompani njo ilikuwa baba na mama: nyumba mu kambi, posho, hospitali, masomo ya watoto. Ile baba alichoka. Mu 2001 Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alitoa kitabu juu ya familia za wafanyakazi, akakiita "Bana Shaba abandonnés par leur père". Miaka miwili tu nyuma yake, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaanza kutolewa ku kazi. Na mwezi wa 6, 2019, udongo ulianguka ku Kolwezi ukaua wachimbaji zaidi ya 40. Mgodi ukimeza baba, iko mtoto anabakia. Leo ni wa jirani, kesho anaweza kuwa wako.

Sheria haikukosa. Ile ya tarehe 10 mwezi wa 1, 2009 inasema mtoto aliyeachwa, yatima asiye na msaada, ao aliyefukuzwa kwa kuitwa mchawi, anapaswa kulindwa kwa namna ya pekee. Katiba nayo inakataza kumtupa mtoto na kumshitaki uchawi. Lakini sheria hainunue makaye. Wasalesiani, waliofika hapa mu 1911, njo wanabeba kazi ya Bakanja, na masista na wakristo wengine wanabeba nyumba zao. Tunawashukuru. Lakini huruma ya mapadri haiwezi kuwa bajeti ya muji muzima.

Watu watasema: "Si masomo ni bure?" Ndiyo, tangu 2019 primere ya serikali ni bure. Lakini mlango kufunguliwa ni jambo moja, kuingia na viatu ni lingine. Na ule mtoto akifika sekondari, minervale inamngoja, na hapo wengi wanarudi ku barabara.

Komini inaweza kufanya nini? Kwanza, karatasi. Burgumestre njo mwenye kusimamia etasivile. Mtoto aliyeokotwa hana akte ya kuzaliwa; siku 90 zikipita, inaomba hukumu ya tribinali ya watoto. Komini ipeleke mtumishi wake mu kila orfelina, aandike majina, afuatilie hukumu. Bila karatasi, mtoto hana umri wala jina la hakika.

Pili, franka. Kodi ya mgodi, ile redevance ya sheria ya 2018, inagawanywa hivi: ku kila franka 100, 50 ni za Kinshasa, 25 za jimbo, 10 za mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 za komini, muji ao sheferi mahali mgodi uko. Burgumestre atajibu kama hizi 15 ni za kujenga tu. Ana haki. Basi ajenge: kalasi karibu na orfelina, kisima, chumba cha kusomea usiku chenye taa. Hayo yote ni majengo ya faida ya watu.

Juu ya minervale na makaye, iko njia ingine. Kompani ya mgodi inapaswa kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa jirani, na kuandika ahadi zake mu kaye de sharje, njo mkataba kati yake na wakaaji. Masomo yana nafasi mule. Lakini watoto wa orfelina hawana baba wa kuketi mu mkutano. Kama hakuna anayewataja, hawaandikwe.

Kwa hiyo, baba na mama wa kazi, mkutano wa kaye de sharje ukifika ku kartie yenu, kisha kuomba barabara na hospitali, inueni mkono mara moja ingine. Ulizeni: orfelina ya hapa iko na watoto wangapi, wangapi wanasoma, na nani analipa? Na komini itoe jibu mbele ya watu wote, kwa hesabu, kila mwaka, mbele masomo hayajafunguliwa.