Kompyuta ikikwama katikati ya wimbo, sikiliza dalili kwanza

Kijana wako ameimba ubeti wa tatu vizuri kuliko siku zote. Mara sauti inakatikakatika, kioo kinatulia tuli, na kazi ya jioni nzima haionekani. Anakujia akisema mashine imezeeka, inunuliwe nyingine. Kabla hujagusa pesa za karo, msomaji, hebu tuchunguze pamoja. Aghalabu kompyuta hiyo haijazeeka, bali imebebeshwa mzigo bila mpango.

Yafaa kwanza tuelewe kazi yenyewe. Sauti ya kiwango cha sidii hupimwa mara 44,100 kila sekunde. Unapoandika barua, kompyuta ikichelewa kidogo hutambui. Katika muziki, sikio hutambua papo hapo. Ndiposa mashine inayofungua barua pepe na video bila taabu huweza kulemewa na wimbo mmoja.

Dalili ya kwanza ni sauti kukatika au kutoa mlio kama wa kuni zinazopasuka motoni. Hapa prosesa haiwahi kumaliza kazi kwa wakati. Tafuta katika programu yako mahali pa kurekebisha bafa, yaani akiba ya vipimo vya sauti ambavyo kompyuta hukusanya kabla ya kuvipitisha. Bafa ndogo ni kama matatu inayoondoka na abiria wawili: hufika mapema lakini safari huwa nyingi mno. Bafa kubwa husubiri ijae. Unapoimba, weka 128 au 256, kwa maana 256 huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 6 tu. Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya sauti, panda hadi 1,024. Hiyo ni kama milisekunde 23, nayo haimsumbui mtu asiyeimba.

Punguza mzigo pia. Usimwekee kila mwimbaji mwangwi wake. Weka mmoja, waimbaji wote wautumie. Funga programu nyingine na uzime intaneti. Kama ni kompyuta ya mapajani, ichomeke kwenye stima, maanake nyingi hupunguza kasi zikitegemea betri.

Dalili ya pili ni kila kitu kwenda kwa mwendo wa kobe. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaonyeshwa ni nini kimejaa: prosesa, kumbukumbu au diski. Kumbuka kwamba sauti moja ya biti 24 hula karibu megabaiti 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye sauti 20 hupita megabaiti 600, kabla ya kuhesabu zile ulizorudia. Ondoa picha na filamu ili diski ipate nafasi.

Dalili ya tatu ni programu kujifunga yenyewe. Mara nyingi mkosaji ni kiongezi kimojawapo cha kupamba sauti. Anza na ulichoweka mwisho, ukitoe, ujaribu tena. Jihadhari hasa na viongezi vya wizi, kwa kuwa huweza kuja na virusi. Si lazima uibe: programu ya Audacity, iliyotolewa mwaka wa 2000, ni ya bure.

Dalili ya nne ni kompyuta nzima kuzima ghafla. Shuku joto au umeme. Ukiiweka juu ya kitanda au blanketi, matundu yake ya hewa huzibwa. Iweke mezani, na vumbi la feni lisafishwe. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba itazima pindi stima inapopotea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfundishe kijana kubonyeza Ctrl na S kila anapomaliza kurekodi kipande, kuhifadhi kazi ya kila siku kwa jina jipya, na kuweka nakala kwenye diski nyingine. Kwaya yaweza kukusanyika tena Jumamosi ijayo. Lakini nyanya aliyekubali kuimba wimbo wa kwao mara moja tu, sauti yake ikipotea utaipata wapi?

Iwapo umefanya haya yote na mambo yangali yale yale, hapo ndipo umwone fundi. Ikiwa kumbukumbu ndiyo hujaa, uliza bei ya kuiongeza. Ikiwa ni diski ya zamani ya kuzunguka, uliza kuhusu ile isiyozunguka, ya SSD. Mara nyingi kipande kimoja hugharimu kidogo kuliko mashine mpya, nawe utaingia dukani ukijua unachokitafuta.

Hadi Jumapili ijayo, kazi njema.