Mchezo Unasamehe, Darasa Je?



Watu wengi wanasema michezo ya video ni kupoteza wakati bure. Mimi nasema hivi: iko michezo mingine ambayo sisi wa shule tungefaa kuiangalia vizuri, maana inajua kufundisha.

Angalieni tofauti. Mwaka 1985 kampuni Nintendo ya Japani ilitoa Super Mario Bros. Mchezaji anaanza na maisha 3. Yakiisha, kwa kawaida anarudi mwanzo kabisa. Mwaka 2018 ukatokea Celeste, mchezo wa msichana Madeline anayepanda mlima. Ni mgumu sana, unaanguka mara mia na zaidi. Lakini ukianguka, palepale unasimama tena kwenye ekrani ile ile, si chini ya mlima. Hesabu ya kuanguka inaandikwa, na mchezo wenyewe unakuambia usione haya, kwani ndiyo kujifunza. Tena mwenye kuhitaji msaada anaweza kupunguza mwendo wa mchezo mpaka nusu. Hakuna wa kumcheka.

Nani anafaidika? Wote, lakini zaidi wale ambao akili yao inatembea kwa njia nyingine. Mwenye disleksia, herufi zinamsumbua hata kama ana akili nyingi. Mwingine anashindwa kutulia na kushika neno moja kwa muda mrefu. Mwenye otizimu anaweza kuchoshwa na kelele tu. Hao si wajinga wala wavivu, na fimbo haiwasaidii kitu.

Mimi mwenyewe nasoma polepole mpaka leo. Kule primeri, nikikosa neno moja, darasa zima lilicheka, na mwalimu alinikalisha chini. Nikajifunza nini? Kunyamaza. Lakini katika Celeste, kwa kompyuta ya mjomba, nilianguka mara nyingi kuliko nilivyokosa primeri yote, na sikuacha, sababu kila mara nilipewa nafasi tena.

Najua wengine watanijibu: "Kapita, Exetat haisamehe mtu!" Ni kweli. Lakini hata kilele cha ule mlima hakihami. Kama siku ya Exetat haisamehe, basi siku za mbele yake zisamehe. Fasi ya kukosa ni hapa darasani, wakati kosa lingali linaweza kutengenezwa. Wazee walisema: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wanafunzi: anayemcheka mwenzake wakati wa kusoma, nitaandika jina lake kwenye liste, sawa na mpiga kelele. Pili, waalimu wetu: kisha interro, aliyekosa aruhusiwe kufanya tena ulizo lile lile, hata kwa nusu ya pointi. Tatu, mwenye kuandika polepole aongezewe dakika chache, ama ajibu kwa mdomo.

Mtasema ni upendeleo? Hapana. Ulizo ni lile lile, na jibu la kweli ni lile lile. Tunamwongezea mwenzetu njia ya kulifikia tu. Tujaribu kwa muhula mmoja, kisha tuhesabu pamoja ni wangapi waliokuwa wananyamaza ambao sasa wanainua mkono.

Ni mimi, Kapita wenu, mwaka wa mwisho