Dawa Ni Bure, Nauli Je? Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: KUSOGEZA TIBA YA URAIBU NA AFYA YA AKILI KARIBU NA WANANCHI

Nakuandikia kutoka Mkuranga kama mzazi, kwa ajili ya wazazi wenzangu ambao watoto wao wameingia kwenye unga, yaani heroini, na kwa familia zinazouguza wagonjwa wa akili ndani ya nyumba. Ombi letu ni moja. Huduma ambazo Serikali tayari inazitoa zishuke hadi kwenye vituo vya afya na zahanati zetu, kwa sababu anayezihitaji zaidi ndiye asiye na nauli ya kuzifuata.

Shukrani zitangulie, maana zinastahili. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, Mbeya, Mwanza na kwingineko. Nchi nyingi za Afrika wakati huo hazikuwa na tiba hiyo. Vijana ambao mtaa mzima uliwaita mateja na kuwafungia milango, leo wapo walio makondakta na mafundi, wapo wanaolea watoto wao wenyewe. Dawa hawailipii hata senti moja.

Lakini methadoni ina masharti. Nguvu yake mwilini hudumu takribani siku moja, kwa hiyo anayeanza tiba huinywa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, mbele ya mhudumu. Nimemsindikiza kijana wa dada yangu nikaona kwa macho yangu. Anafika dirishani, anatambuliwa, muuguzi anapima dawa ya maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Anakunywa, anapewa maji naye anayanywa, kisha anaulizwa jambo ajibu kwa sauti ili ijulikane amemeza. Hayo yote ni kazi ya dakika chache. Kinachomaliza asubuhi ni kulifikia hilo dirisha: gari la kwanza hadi Mbagala Rangi Tatu, gari la pili hadi kliniki, foleni, halafu kurudi kwa njia ile ile. Akifika nyumbani, msimamizi wa ujenzi ameshampa mtu mwingine kazi ya kubeba zege. Tunamwambia afanye kazi apate nauli, na safari hiyo hiyo ndiyo inayomkosesha kazi.

Siku nauli ikikosekana, arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, haichelewi. Mifupa inauma, tumbo linakata, machozi na kamasi vinamtoka, usingizi hauji. Kliniki iko mbali kwa magari mawili, kete iko mwendo wa miguu. Akirudi maskani tunasema hana nia ya kuacha. Hata akijikaza akakaa bila dawa siku kadhaa, hawezi kurudishiwa kipimo chake cha zamani papo hapo, kwa kuwa mwili umeshapoteza mazoea na kipimo hicho kinaweza kumzimisha pumzi. Inabidi ashushwe, apandishwe upya taratibu. Kukosa nauli siku chache kunaweza kumrudisha nyuma kwa wiki kadhaa.

Mheshimiwa, Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini. Tuliwapongeza kwa moyo wote. Hata hivyo unga ukiadimika mtaani, uraibu hauondoki pamoja nao. Mtu aliyezoea anahamia kwenye vidonge au gongo, au ananunua kete iliyochanganywa na kitu asichokijua. Nguvu inayotumika kuukamata mzigo iendane na nguvu ya kumpokea mtu ambaye kukamatwa kwa mzigo huo kumemkosesha kete. Asubuhi hiyo hiyo awe na mahali karibu pa kwenda.

Mlevi wa gongo naye asisahauliwe. Familia nyingi humfungia ndani aache kwa nguvu, bila kujua kuwa aliyekunywa sana kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege na kuweweseka, na wengine hufa. Anahitaji tabibu wa kumwangalia siku za mwanzo. Zipo nyumba za upataji nafuu, soba hausi, nyingi zikiendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe, na zimeokoa wengi. Ila zinazoishi kwa ada za wateja hutoza kila mwezi fedha ambazo kipato cha fundi baiskeli hakiwezi kufikia.

Kuhusu afya ya akili, kwetu jina la hospitali ya Mirembe bado linasimama badala ya tiba yote, kana kwamba mgonjwa hana tiba mpaka apelekwe Dodoma. Binti akikaa chumbani wiki nzima bila kula wala kusema, familia inaanza kwa mganga, inapita kwa shehe au mchungaji, na hospitali inakuja mwisho, fedha zikiwa zimeisha. Haikupaswa kuwa hivyo. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, nchi hii ilijaribu mikoani Morogoro na Kilimanjaro kuziingiza huduma za afya ya akili kwenye zahanati na vituo vya afya. Tunachokiomba leo Tanzania ilishakianza yenyewe, zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Kwanza, vituo vya afya vya wilaya zinazozunguka miji viruhusiwe kugawa methadoni chini ya usimamizi wa kliniki kubwa, na waliotulia katika tiba wapewe dozi za siku kadhaa waende nazo nyumbani. Pili, kila kituo cha afya kiwe na mtu mmoja aliyefundishwa kutambua na kutibu sonona, kifafa, saikosisi na ulevi, na dawa za magonjwa hayo ziagizwe pamoja na za malaria, zisiachwe ziishe kimya kimya. Tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa mwaka 2024 kwa lengo la kufikia zaidi ya 137,000, wafundishwe kumfuatilia nyumbani aliyekosa dawa, na kuzungumza na familia kabla haijamfunga kamba. Nne, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapotekelezwa, ushauri nasaha na siku za kukaa soba hausi iliyosajiliwa viwemo katika kitita cha msingi, na asiye na uwezo alipiwe.

Hatuombi majengo mapya. Zahanati zipo, wauguzi wapo, na vijana waliopona wako tayari kujitolea kuwaelekeza wenzao. Kinachokosekana ni agizo lako na fungu kwenye bajeti. Tunaomba vyote viwili vionekane katika bajeti ijayo ya wizara yako, na wilaya ya Mkuranga iwe miongoni mwa za kuanzia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mkuranga, Pwani.